Je, Fumo Liyongo Angeweza Kuiepuka Sindano ya Shaba?

(Hii ni hotuba iliyotolewa ukumbini mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Msemaji ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi. Mhariri.)



Chama cha Midahalo cha wanafunzi kimenipa kazi. Wiki ijayo kitajadili hoja isemayo kwamba Fumo Liyongo hakuwa na njia yoyote ya kuepuka kifo chake, nacho kimeniomba niseme machache ili vijana wapate pa kuanzia. Niliipokea barua yao kwa furaha. Kwa kawaida vijana wakiandaa mdahalo huuliza lipi bora, kijiji au mji, kalamu au jembe. Hawa wameuliza jambo ambalo watu wazima hujiuliza usiku wakikosa usingizi: je, mtu aliyeangamia angeweza kuokoka? Na kama angeweza, ni wapi hasa alipokosea njia?

KISA KWA UFUPI

Wapo miongoni mwetu waliousoma utenzi wa Liyongo zamani wakausahau, na wapo ambao hawakupata kuusoma. Naomba mniruhusu nikumbushe kisa chenyewe kabla sijakihukumu.

Liyongo ni shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, nchi ya Ozi na Shaka, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini. Huko Kipini kuna mahali panaposemwa kuwa ndipo alipozikwa. Wataalamu hawapatani juu ya wakati alioishi. Wapo wanaomrudisha nyuma hadi karne ya 13, na wapo wanaomleta hadi karne ya 17. Alikuwa malenga pia, kwani nyimbo na mashairi mengi ya kale huhesabiwa kuwa yake. Lakini Liyongo tunayemzungumza leo ni yule wa hadithi: mtu mrefu kupita kiasi, mwenye nguvu zisizo za kibinadamu, ambaye silaha za kawaida hazikuweza kumwua.

Edward Steere alikichapa kisa hiki kwa nathari mwaka 1870, katika kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi na bingwa wa khati na wa kuchonga mbao, akakitunga kwa beti zaidi ya 200. Sisi wa bara husema utenzi, watu wa Lamu husema utendi, jina lisitugombanishe. Mwaka 1973 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili pale Dar es Salaam kikautoa utenzi huo ukiwa umehaririwa na Abdilatif Abdalla. Vijana, liwekeni hili akilini: mhariri huyo alikuwa ametoka gerezani Kenya mwaka 1972, baada ya kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuuliza nchi yake inakwenda wapi. Mshairi aliyetoka kifungoni alituletea habari za mshairi aliyetoroka kifungoni. Kwa hiyo kisa hiki, pamoja na maajabu yake yote, kimepita katika mikono ya watu walioujua uzito wa mnyororo.

Kisa kinakwenda hivi. Wagala, ambao leo tunawaita kwa jina lao wenyewe, Waoromo, walifika Pate wakasikia sifa za Liyongo. Mfalme wa Pate, ambaye wengi humwita Daudi Mringwari, akamwita shujaa aje aonekane. Liyongo akaja. Alipopuliza panda, mji ulitetemeka na panda ikapasuka. Akautua mtapa aliokuwa ameubeba begani, akatoa ndani yake kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga. Wageni wakashika vinywa. Wakaomba wapate mbegu ya mtu huyu, Liyongo akaozwa binti wa kwao, na mtoto wa kiume akazaliwa.

Lakini zile sifa zilizowafurahisha wageni zilimkosesha mfalme usingizi. Akaogopa kwamba siku moja mtu huyu atautaka ufalme. Akawaahidi fedha Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa mwituni, wamwue. Wao wakafanya urafiki naye, wakawa wanakula pamoja kwa zamu, hata wakafika kwenye makoma, yale matunda ya mkoma. Kila siku mmoja apande awaangulie wenzake. Shabaha yao ilikuwa kwamba zamu ya Liyongo ikifika, naye yuko juu amekumbatia mti, wamtupie mishale. Zamu yake ikafika. Liyongo hakupanda. Alichukua upinde wake, akayaangua makoma kwa mshale akiwa amesimama chini.

Mfalme akatafuta njia nyingine, akamtia gerezani. Siku ya kuuawa ikapangwa. Mama yake akawa anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, nao walinzi wakawa wanakila kile kizuri na kumwachia makombo. Liyongo akaimba wimbo, na ndani ya wimbo akamwagiza Saada amwambie mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa makapi wakaudharau, wakampa mwenyewe. Kisha akaomba, kama haja yake ya mwisho, apigiwe ngoma ya gungu. Watu walipokuwa wakiimba na vyombo vikilia, yeye alikuwa akikata pingu. Zilipokatika akatoka, na hapana aliyethubutu kumshika.

Ndipo mfalme akamgeukia yule kijana, mtoto wa Liyongo mwenyewe. Akamwahidi cheo na mke akileta siri ya kifo cha baba yake. Kijana akaenda kwa baba, akauliza. Baba akataja: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana akarudi Pate, akapewa sindano, akaenda tena, akangoja baba alale, akamchoma. Liyongo akaamka na maumivu yake, akachukua upinde, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, akafa katika hali hiyo. Watu hawakuweza kuteka maji kwa siku kadhaa, maana walimdhani yu hai na amekasirika. Mama yake akaletwa ambembeleze. Hatimaye mwili ukaanguka, ndipo wakajua.

Hicho ndicho kisa. Sasa tuingie katika hoja.

WALE WANAOSEMA HAPAKUWA NA NJIA

Nawaheshimu watakaoiunga mkono hoja, kwa hiyo nitaanza kwa kuwasemea wao.

Watasema: ajali haina kinga. Lililoandikwa halifutiki. Tangu mwanzo Liyongo alikuwa na mahali pamoja pa kumwua, na hadithi ikishakupa mahali pamoja pa kukuua, bila shaka patafikiwa. Watawatajia Achilles wa Wayunani, ambaye mama yake alimchovya katika mto akiwa amemshika kisigino, na kisigino hicho ndicho kilichopigwa. Watawatajia Siegfried wa Wajerumani, aliyeoga damu ya joka akawa hapenyeki, ila pale mgongoni jani lilipokuwa limedondoka. Mkewe mwenyewe akamwonyesha adui mahali hapo akidhani anamlinda mumewe. Watawatajia Samsoni. Kisha watauliza: yuko wapi shujaa wa namna hii aliyekufa mzee kitandani?

Ni hoja yenye nguvu, lakini ina tundu mbili.

Tundu la kwanza: hata hao mashujaa wa watu wengine hawakukosa hiari. Kisigino cha Achilles hakimo kabisa katika utenzi mkubwa wa Homer. Kilichomo ni jambo lililo zito zaidi. Achilles mwenyewe anasema amewekewa njia mbili: akibaki vitani Troy atakufa kijana na jina lake litadumu; akirudi kwao ataishi miaka mingi bila jina. Anazijua zote mbili, naye anabaki. Na Samsoni, katika kitabu cha Waamuzi, anamdanganya Delila mara tatu, na mara zote tatu anaona kwa macho yake kwamba Delila anamwita adui. Mara ya nne anasema kweli. Mwaweza kumwita Samsoni mjinga, mwaweza kumwita aliyechoka, lakini hamwezi kusema hakuonywa.

Tundu la pili ni kubwa zaidi, nalo limo ndani ya kisa chetu wenyewe. Kama mshairi angetaka tuamini kwamba mtu hana njia ya kuikwepa siku yake, asingemwonyesha Liyongo akiikwepa mara mbili. Chini ya mkoma kifo kilikuwa kimeandaliwa, naye akakiona akakikwepa. Gerezani siku ilikuwa imepangwa, milango imefungwa, pingu ziko miguuni, naye akatoka. Sehemu kubwa ya utenzi ni habari za mtu anayejiokoa kwa akili yake. Ukimaliza kusoma hayo kisha ukasema hapakuwa na njia, umesoma mwisho ukaruka katikati.

MILANGO MINNE

Basi kama njia zilikuwapo, zilikuwa wapi? Nimezihesabu nne, na si zote zina thamani sawa.

Mlango wa kwanza ni baraza la Pate, siku ile ya panda na mtapa. Wengi husema: Liyongo angejificha. Asingepuliza panda hata ipasuke. Asingetoa kinu na mafiga mbele ya watu. Angejifanya mtu wa kawaida, na mfalme angelala usingizi. Mimi shauri hili silikubali, na nawaomba vijana msilikubali. Hofu ya mfalme ilikuwa mali ya mfalme. Tukianza kumwambia mwenye kipaji ajikunje ili mkubwa asione wivu, tumemhukumu aliyeibiwa tukamwacha mwizi. Ninaloona hapa ni jambo dogo tu: Liyongo alidhani kwamba anayejivunia wewe mbele ya wageni ndiye anayekupenda. Mfalme alimwita ili Pate ipate sifa. Wageni walipoondoka, sifa zilibaki kwa Liyongo na mfalme akabaki na hofu. Hapo shujaa angeweza kujifunza kutofautisha kusifiwa na kupendwa. Lakini hilo ni funzo tu. Kufa kwake hakukutokana na hilo.

Mlango wa pili ni chini ya mkoma. Hapa ndipo ninapomlaumu kwa mara ya kwanza. Tazameni alivyoshinda: kwa utulivu, bila ugomvi, mshale unapanda na makoma yanashuka. Ni ushindi mzuri mno, na uzuri wake ndio hatari yake. Baada ya siku ile Liyongo alikuwa na kila sababu ya kujua kwamba waliokula naye walikuwa wametumwa. Swali la aliyewatuma lilikuwa wazi. Na bado utenzi hautuonyeshi akiweka wazee kati yake na mfalme kutafuta suluhu, wala akikusanya watu wake wa Ozi na Shaka wamlinde. Anaendelea kama mtu aliyeshinda mchezo. Kila mtego uliotegwa aliutegua, lakini mtegaji alimwacha atege mwingine. Na mtegaji aliyeshindwa mara moja hujifunza. Mara ya pili hutumia kamba nyingine.

Mlango wa tatu ni gereza, na hapa nawaomba tukae kidogo, kwa maana humu ndimo mlimo jibu la swali letu.

Nani alimtoa Liyongo gerezani? Mkimwuliza mwanafunzi wa kidato cha kwanza atajibu upesi: nguvu zake. La hasha. Nguvu zile zilikuwa nazo zimefungwa pingu. Aliyemtoa ni mama aliyeoka mkate. Ni Saada, kijakazi aliyeushika ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo, akaufikisha bila kuukosea, akarudi na mkate mbele ya walinzi bila kutetemeka. Kama angetetemeka tu, kisa kingeishia hapo. Ni waimbaji wa gungu, ambao bila kujua walifunika kelele ya tupa kwa sauti zao. Na ni akili ya Liyongo mwenyewe, aliyewachunguza walinzi wake akaujua ulafi wao: watakula kizuri, watadharau kibaya, basi kinachoniokoa nitakiweka ndani ya kibaya.

Tazameni basi. Alipokuwa hana nguvu hata kidogo ndipo alipokuwa salama kuliko wakati wote, kwa sababu alikuwa ameshikana na watu. Aliwategemea mama na kijakazi, akamsoma adui. Siku aliyotoka akiwa huru na nguvu zake zote, ndiyo siku aliyoanza kuwa peke yake. Anakwenda mwituni. Hatuoni tena Saada. Mama hatumwoni tena mpaka pale kisimani, wakati mwanawe ameshakufa na watu wanamsukuma mbele akambembeleze maiti.

Mlango wa nne ni ule usiku wa siri. Watu wengi wanaopinga hoja hukimbilia hapa. Husema: angenyamaza tu! Angemdanganya kama Samsoni alivyomdanganya Delila. Lakini hebu fikirini kama wazazi. Mtoto wako anakuuliza ni kitu gani kitakachokudhuru. Ukimdanganya umeshamfanya adui, na tangu siku hiyo utalala jicho moja wazi. Ukimwambia kweli umetia roho yako mkononi mwake. Yapo masimulizi ambamo baba anamshuku kijana waziwazi, anamwambia nadhani unataka kuniua, na bado anaitaja siri. Wengine huita huo upumbavu. Mimi naona mtu aliyefika mahali ambapo majibu yote ni mabaya. Mkifika kwenye mlango wa nne mkiwa hamkupita katika ile mingine, mtaukuta umebaki wazi kidogo sana.

KIJANA

Ndugu Mwenyekiti, katika mijadala ya kisa hiki huwa tunamwuliza baba maswali yote, na kijana tunamwita haini kisha tunafunga kitabu. Leo nataka tumwulize na yeye.

Huyu mtoto ni nani? Alizaliwa kwa sababu wageni waliomba mbegu ya shujaa. Hebu liangalieni neno hilo: mbegu. Walitaka nguvu za baba yake ziingie katika ukoo wao. Kati ya kuzaliwa kwake na siku anapoitwa na mfalme, utenzi hautupi karibu neno. Hatumwoni Liyongo akimfundisha kuvuta upinde. Hatumsikii akimwimbia, yeye aliyekuwa malenga aliyewaimbia watu wote. Huenda aliyafanya hayo. Mshairi hakuona haja ya kuyasema. Lakini mshairi anatuambia nani aliyemwita kijana akamwahidi kwamba atakuwa mtu mwenye cheo na mwenye nyumba. Ni mfalme. Alimwita kwa nia mbaya, kwa ahadi ya uongo, lakini alimwita.

Hapa ndipo ninapoona jibu la swali lenu. Liyongo alijua walinzi wanapenda nini, asijue mwanawe anatamani nini. Adui yake alijua. Kikulacho kinguoni mwako, wazee wetu walisema, nasi hulisema neno hilo kwa kumlaani aliye nguoni. Lakini lina upande wa pili: aliye nguoni mwako yuko karibu, na kumjua ni kazi yako. Kama Liyongo angejua mapema kwamba kijana ana njaa ya cheo na ya mke, angeweza kumtafutia mke, angeweza kumweka kuwa mtu mbele ya watu wa Ozi. Mfalme angekuta mlango umefungwa, na sindano ya shaba ingebaki sindano ya kushonea.

Lakini simwondolei kijana hatia, na vijana msidhani nimekuja kuwapa udhuru. Mwandameni hatua kwa hatua. Aliambiwa neno la mfalme. Angeweza kulikataa, au angeweza kulipeleka kwa baba akamwambia: baba, nimetumwa. Alisafiri hadi kwa baba. Njia nzima ilikuwa ya kufikiri. Alikaa naye, akala naye. Akapata siri, akarudi nayo Pate. Njia nyingine nzima ya kufikiri. Akapewa sindano, akasafiri tena. Kisha akangoja usingizi. Hakuna hata hatua moja katika hizo ambayo mtu mwingine alimbeba. Kama mnataka kumjua aliyekuwa na njia nyingi kuliko wote za kukiepusha kifo cha Liyongo, ni huyu. Baba alikuwa na milango minne, mtoto alikuwa na milango kila alipoweka mguu.

Na alipata nini? Masimulizi hayapatani juu ya mwisho wake. Katika nathari ya Steere watu wa mjini wanamgeuka. Katika utenzi maradhi yanamshika naye anafuata kaburini. Lakini yote mawili yanapatana juu ya jambo moja: ile ahadi hakuionja. Aliyekununua ili umsaliti baba yako amekwisha kujua bei yako, na kwa sababu hiyo hawezi kukuamini hata siku moja.

NENO KWA PANDE ZOTE MBILI ZA UKUMBI

Kabla sijapiga kura yangu, nitasema neno moja kwa kila upande wa ukumbi huu.

Kwa wenzangu tulioketi huku mbele, wenye mvi na miwani. Wengi wetu tumekuwa akina Liyongo wadogo. Tumepuliza panda zetu. Tumetegua mitego ofisini na katika biashara, na tukikutana hapa kila mwaka husimuliana namna tulivyoitegua. Watoto wetu tumewaleta shule za bweni, hii na nyingine. Tunawaleta wakiwa wadogo, tunalipa karo, tunatuma fedha za matumizi kwa simu, tunawachukua wakiwa na ndevu. Ni nani kati yetu anayejua mwanawe anatamani nini? Simwulizi nani anayejua mwanawe amepata daraja gani. Hilo twalijua sote, kwa kuwa limeandikwa kwenye ripoti. Kama sisi hatujui, msiwe na shaka yupo anayejua. Yupo mtu mjini mwenye ahadi, anayewaita vijana na kuwakalisha karibu naye. Atawapa kazi ambayo hawatakuwa na ujasiri wa kutuambia. Chama chetu kimechangia madawati na kimekarabati maktaba, nami nashukuru. Naomba sasa tuchangie kitu kigumu zaidi: tuje shuleni hapa hata siku isiyo ya mkutano, tukae chini ya ile miti na vijana hawa, wa kwetu na wasio wa kwetu, tuwasikilize bila kuwahutubia.

Kwa vijana. Siku yenu itakuja. Haitakuja ikiwa na jina la usaliti. Itakuja ikiwa na jina zuri: nafasi, msaada, mchango wako, neno dogo tu. Mtu atakuuliza jambo ambalo unalijua kwa sababu uliaminiwa, na mkononi atakuwa na kitu unachokitaka kweli. Wala usidhani utakuwa mtu mbaya siku hiyo. Utakuwa mtu wa kawaida mwenye haja ya kawaida, kama yule kijana aliyetaka mke na cheo, mambo ambayo si dhambi kuyataka. Siku hiyo kumbuka urefu wa njia kutoka Pate. Unaposafiri bado hujachoma. Unaweza kugeuka njiani. Unaweza kufika ukasema, baba, nimetumwa.

KURA YANGU

Sasa kura. Hoja inasema Liyongo hakuwa na njia yoyote ya kuepuka kifo chake. Mimi naipinga.

Naipinga si kwa sababu angeweza kuficha siri usiku ule. Usiku ule ulikuwa umechelewa. Naipinga kwa sababu kisa chenyewe kinatuonyesha kitu kilichomwokoa, nacho ni mkate wa wishwa uliopita katika mikono ya watu watatu: aliyeuomba, aliyeubeba na aliyeuoka. Aliokoka alipokuwa na watu hao. Aliangamia alipodhani kwamba kutoka gerezani ni kumaliza vita, akakaa peke yake na nguvu zake, huku mtu wake wa karibu kabisa akiitwa na adui.

Watakaoiunga mkono hoja watanijibu kwamba kama Liyongo angeyafanya yote hayo asingekuwa Liyongo, na tusingekuwa na utenzi. Huenda. Nawaachia waijibu wiki ijayo, nami nitakuja kukaa nyuma na kuwasikiliza. Lakini naomba wakumbuke kwamba si kila mtu katika kisa hiki alitaka utenzi. Yuko mama aliyeoka mkate, ambaye siku ya mwisho alikwenda kisimani kumwimbia mwanawe ainuke, na mwanawe hakuinuka. Mkimwuliza yeye kama afadhali sifa au mtoto, hatahitaji mdahalo.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia vijiko vikigongana huko jikoni. Nawatakia Chama cha Midahalo mdahalo wenye moto na wenye adabu.